Kitanda cha Karibu na Mlango

Kila asubuhi nyumbani kwa fundi wa kuchomelea vyuma ilianza kwa vita vya beseni. Watoto wote walitaka kunawa kwa wakati mmoja, na mama yao, kichanga kikiwa begani, alilazimika kuamua zamu kama mwamuzi wa mpira.

"Wewe anza! Wewe subiri! Nani kamwaga maji mlangoni?"

Zamani binti mkubwa ndiye aliyeshinda vita hivyo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na watu wote walimwita Kiroboto. Jina hilo alipewa na bibi yake mzaa baba, kwa sababu tangu alipojua kutembea hakuwahi kutulia. Ukimwona hapa, ukipepesa macho yuko kule. Ukimtuma dukani, alikwenda akiruka na kurudi akiruka, na mara nyingine alirudi bila kile alichotumwa.

Kuruka huko ndiko kulikomponza. Siku moja alishindana na wenzake kuruka kutoka juu ya ukuta wa shule, akaangukia mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini uliunga upogo. Akitaka kukinga maji, kiganja kilikataa kugeuka juu. Kilikomea katikati, na maji yote yakamwagikia miguuni. Kwa hiyo sasa alinawa wa mwisho, kwa mkono mmoja, huku wadogo zake wakimcheka kwamba ananawa kama paka.

Daktari aliitazama picha ya eksirei, akaukunja na kuukunjua mkono wake.

"Mfupa huu unatakiwa kunyooshwa, kisha ushikiliwe kwa kipande cha chuma," alisema. "Tukiuacha, utazidi kuzoea kukaa hivi, na kuunyoosha kutakuwa kugumu zaidi."

"Kumbe na nyinyi ni mafundi vyuma kama mimi!" baba yake alisema. Wote wakacheka. Hata Kiroboto alicheka. Wakati huo upasuaji ulikuwa neno tu.

Siku ya kulazwa ilipofika, Bibi ndiye aliyefuatana naye, kwa sababu Mama hakuweza kumwacha mtoto mchanga. Bibi alibeba kikapu, mto, blanketi, kandambili za akiba, na maneno mengi.

Wodi ya upasuaji ilikuwa ndefu, yenye vitanda pande zote mbili. Muuguzi aliwaonyesha kitanda kilichokuwa wazi, kile cha kwanza kabisa, karibu na mlango. Bibi alifurahi.

"Hapa pazuri," alisema. "Hata ukitaka kwenda msalani, hatua chache tu."

Lakini Kiroboto alipopanda kitandani na kuegemea mto, aliona kwamba kitanda kile kilitazamana na mlango, na mlango ulitazamana na ukumbi, na mwisho wa ukumbi ulikuwapo mlango mwingine wenye maandishi mekundu: CHUMBA CHA UPASUAJI. USIINGIE.

Mlango wa wodi ulikuwa na kioo kikubwa cha kuonea ukumbini, lakini haukuwa na kitasa. Ulisukumwa tu, na kila aliyepita aliuachia ukajipiga ukutani. Pa! Moyo wa Kiroboto uliruka. Kabla haujatua, alipita mwingine. Pa! Juu ya kichwa chake taa ndefu ilipepesa, ikazima nusu, ikawaka tena, ikiguna kama nyuki aliyenaswa chupani. Televisheni iliyotundikwa ukutani ilisoma habari kwa sauti ya juu, ingawa hakuna aliyeisikiliza. Kutoka mahali fulani zilisikika beseni za chuma zikigongana.

"Usiwe na wasiwasi, mke mwenzangu," Bibi alisema, akipanga vitu kwenye kikabati. "Upasuaji siku hizi ni jambo dogo. Yule jirani yetu wa zamani alipasuliwa tumbo, akapona kabisa. Ni yule dada yake tu ndiye..." Akanyamaza, akakohoa. "Hebu nipe hilo taulo."

"Dada yake alifanya nini, Bibi?"

"Hakufanya kitu. Nipe taulo."

Kitanda cha pili kilikuwa na mwanamke mnene mwenye uvimbe shingoni, mkubwa kama limau. Alikuwa fundi wa nguo, na wodi nzima ilimwita Mama Cherehani. Hata pale kitandani vidole vyake havikutulia. Vilikunja pembe ya shuka, vikaikunjua, vikaikunja tena.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Mimi na madaktari wa hapa tunafanana kazi. Wao wanakata, nami nakata. Tofauti ni kwamba kitambaa hakiulizi maswali." Alicheka peke yake, kicheko kifupi, kisha akarudia kukunja shuka.

Mchana kutwa Kiroboto alitazama ukumbi. Hakutaka kutazama, lakini macho yalikwenda yenyewe, kama ulimi unavyokwenda kwenye jino bovu. Machela ya magurudumu ilipita, gurudumu moja likilia nyii, nyii, nyii. Juu yake alilala mwanamke aliyekuwa macho, akimpungia mkono dada yake. Baadaye machela ile ile ilirudi. Nyii, nyii, nyii. Mwanamke yule sasa alikuwa amefumba macho, kinywa wazi kidogo, uso umepauka. Walimpitisha kwenye mlango mwingine wa pembeni, na Kiroboto hakumwona tena.

Ikapita machela nyingine, na nyingine. Wote waliingia wakiwa macho. Wote walitoka wamefumba.

"Bibi," alinong'ona, "wale wanaotoka wanapelekwa wapi?"

"Wanapelekwa kunakotakiwa," Bibi alijibu, maana hata yeye hakujua. "Kunywa chai yako."

Alasiri baba yake alipita akitoka kazini, harufu ya moshi wa chuma ikiwa bado kwenye nguo zake. Alimletea pakiti ya biskuti za maziwa.

"Hizi ni za kula baada ya upasuaji," alisema na kuzitia kwenye kikabati. "Baada. Umenisikia? Vipi, unaogopa?"

Kiroboto alitamani kusema ndiyo. Lakini baba yake alikuwa akitabasamu kwa matumaini, na Bibi alikuwa amekwisha kumjibia. "Aogope nini huyu! Mtoto aliyeruka ukuta!"

"Siogopi, Baba," alisema.

Jioni muuguzi mkuu wa wodi alipita kitanda kwa kitanda. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nywele za mvi zilizofungwa nyuma, na kila mtu alimwita Sista. Alisimama mbele ya Kiroboto akainua kidole.

"Ukimaliza chakula hiki, mdomo unafungwa kwa kufuli. Si chakula, si peremende, si maji, mpaka daktari amalize kazi yake. Tumeelewana?"

"Ndiyo, Sista."

Alipoondoka tu, mama mmoja wa kitanda cha mbele alimwambia mwenzake, "Hao hawana mchezo. Mwezi uliopita nilimpa mwanangu uji asubuhi, vijiko viwili vitatu tu, wakakataa kumpasua. Tukarudishwa nyumbani."

Tukarudishwa nyumbani. Maneno hayo yaliingia masikioni mwa Kiroboto yakakataa kutoka. Usiku ule hakupata lepe la usingizi. Kila mlango ulipojipiga aliuona tena uso wa yule mwanamke uliopauka.

Kulipopambazuka, wauguzi wa zamu ya usiku walikuwa wakikabidhiana kazi na wa asubuhi. Bibi alikuwa amelala juu ya mkeka kando ya kitanda, akikoroma kwa starehe. Kiroboto alifungua kikabati polepole, akaifutika pakiti ya biskuti ndani ya nguo, akaenda msalani. Akiwa amesimama karibu na sinki alikula biskuti moja baada ya nyingine. Hakuwa na njaa. Zilikuwa kavu kinywani kama mchanga, ikabidi azisukume kwa maji ya bomba. Karatasi aliitupa ndani kabisa ya pipa.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Sista atauliza kama amekula, naye atasema ndiyo. Atagombezwa, kisha atarudishwa nyumbani. Basi.

Lakini Sista alipokuja na gauni la upasuaji mkononi akauliza, "Mtoto wetu hajala kitu?" Bibi alirukia jibu kabla Kiroboto hajafungua kinywa.

"Hajagusa hata tone la maji! Haki ya nani, Sista! Nimelala hapa hapa, namlinda kama kuku na kifaranga chake!"

Sista alimgeukia mtoto. "Nakuuliza wewe, mwanangu."

Kiroboto alimtazama Bibi. Bibi alikuwa ameinua kichwa kwa fahari, amekwisha kula kiapo mbele ya wodi nzima. Angewezaje kumuumbua?

"Sijala," alisema.

Neno hilo moja likamfungia njia zote. Akavishwa gauni, akapandishwa kwenye machela, na gurudumu likaanza kulia. Taa za dari zilipita juu yake, moja, nyingine, nyingine. Maandishi mekundu yalikaribia. Kijasho chembamba kilimtoka, na biskuti zilijaa tumboni mwake kama mawe.

Ndani ya mlango ule alimkuta daktari mwanamke, kijana, mwenye miwani na kofia ya kitambaa cha maua.

"Mimi ndiye daktari wa usingizi," alisema, akimshika kifundo cha mkono wa kushoto. Akatulia kidogo. "Moyo wako unakimbia kama umefukuzwa na mbwa. Umekula au kunywa chochote leo?"

"Hapana."

Daktari hakuuachia mkono. Alivuta kigoda akaketi, nyuso zao zikawa sawa.

"Nitakwambia kwa nini kila mtu anakuuliza swali moja. Nikikupa dawa ya usingizi, si macho peke yake yanayolala. Koo nalo linalala. Kama tumboni kuna chakula, kinaweza kupanda juu na kuingia kwenye mapafu, nawe usiweze hata kukohoa. Hapo nitakuwa napigania uhai wako, si mkono wako. Kwa hiyo mimi siulizi ili nikugombeze. Naomba unisaidie kazi yangu."

Nyuma yake mlango wa ndani ulifunguliwa, akatokea daktari mpasuaji, mwanamume mpana, barakoa usoni. "Tuko tayari?"

Kiroboto aliiona meza nyuma yake, na taa kubwa ya duara. Alimfikiria Bibi aliyeapa. Alifikiria koo linalolala. Midomo ilimtetemeka.

"Nimekula," alisema. "Nimekula biskuti. Pakiti nzima. Bibi hajui. Bibi hakudanganya, ni mimi."

Daktari wa usingizi alifumba macho kidogo, akapumua. "Asante," alisema.

Daktari mpasuaji hakushukuru. "Chumba kimeandaliwa tangu alfajiri!" alisema. "Watu wanaingojea nafasi hii kwa miezi!" Alivua glavu zake, akageuka. "Mleteni anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Mama Cherehani. Machela zao zilipishana ukumbini, na Kiroboto akamwona akiwa amekodoa macho, mikono imeng'ang'ania shuka.

"Waliniambia mchana," Mama Cherehani alikuwa akimwambia muuguzi. "Nilikuwa nimejiandaa kwa mchana. Hata dada yangu hajafika. Jamani, hata dada yangu hajafika!"

Mlango wenye maandishi mekundu ukamfungia ndani. Kiroboto alijifunika shuka mpaka kichwani.

Bibi aliposikia habari hakugomba. Hilo lilikuwa baya kuliko kugomba. Aliketi juu ya mkeka, akakunja na kupanga kanga yake magotini, kimya, yeye ambaye mdomo wake haukuwahi kulala. Baba alipofika, akitegemea kumkuta binti yake ametoka salama, aligomba kwa niaba ya wote wawili.

"Umemfanya bibi yako aape uongo! Umewapotezea madaktari wakati! Na ungenyamaza dakika moja zaidi je? Ungenyamaza, leo ningekuwa naongea na nani hapa?" Alijigeuza upande wa ukuta.

"Baba yake," Sista alisema. Alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. "Ngoja kwanza. Jambo la kumgombeza lipo, na mwenyewe analijua. Lakini nataka kujua kitu kingine." Aliinama. "Mwanangu, umelala wodini kwangu siku nzima, nikapita hapa mara ngapi sijui. Kwa nini hukuniambia unaogopa?"

"Hamkuniuliza," Kiroboto alijibu kutoka chini ya shuka. "Mliniuliza kama nimekula."

Sista alichuchumaa kando ya kitanda.

"Basi nakuuliza sasa. Unaogopa nini?"

Kiroboto alitoa kichwa. Alijaribu kueleza, lakini maneno yalitoka yamechanganyika: mlango, taa, lile gurudumu, wanaoingia macho na kutoka wamefumba. Mwishowe alichoka. "Ukilala hapa ndiyo utaona," alisema.

"Haya, nipishe," Sista akajibu.

Kiroboto alidhani ni mzaha. Lakini Sista alivua viatu vyake vyeupe, akapanda kitandani na sare yake, akalaza kichwa mtoni. Wagonjwa waligeuza vichwa. Bibi aliinuka nusu akabaki hivyo hivyo. Sista alitazama juu, kwenye taa iliyopepesa. Alitazama mbele, akayasoma maandishi mekundu. Wakati huo mhudumu wa chakula akapita na toroli lake bila kujua lolote. Pa!

Sista aliruka karibu aanguke kitandani.

Mgonjwa mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Sista mwenyewe hakucheka. Alibaki amelala pale, mkono kifuani, mpaka machela ya magurudumu ikapita ukumbini na kilio chake, ikiwa na mtu aliyefumba macho.

"Miaka yote hii," alisema taratibu, "mimi nimeiona wodi hii nikiwa nimesimama."

Akashuka, akavaa viatu. "Twende," alimwambia Kiroboto. "Na wewe baba yake, njoo."

Alikwenda kwanza kuomba ruhusa, akarudi na kofia na viatu vya kitambaa vya kuwavalisha. Aliwapitisha kwenye ule mlango wa pembeni ambako machela zilipotelea. Kilikuwa chumba kidogo chenye vitanda vichache na muuguzi aliyehama toka kwa mgonjwa mmoja hadi kwa mwingine.

"Hiki ni chumba cha kuzindukia," Sista alisema. "Hawa wamefumba macho kwa sababu dawa haijaisha mwilini. Tunawaleta hapa tuwaangalie mpaka waamke."

Mwanamke wa kitanda cha mwisho alikuwa na bandeji nyeupe shingoni. Kiroboto alimtambua, akamshika Sista nguo. Uso wa Mama Cherehani ulikuwa umepauka vile vile kama wale wengine. Walisimama. Kifua chake kilipanda, kikashuka. Kikapanda tena. Kisha nyusi zikakunjamana, na jicho moja likafunguka.

"Nani... nani kachukua mkasi wangu?" aliuliza kwa sauti ya kukwaruza.

Baba ndiye aliyecheka kwanza. Kiroboto alicheka pia, na palepale machozi yakamtoka, hata hakujua kama analia au anacheka. Alimsogelea Mama Cherehani.

"Mama, nisamehe. Ni mimi niliyekufanya uingie kabla dada yako hajafika."

Mama Cherehani alimtazama kwa usingizi. "Amefika?"

"Amefika, yuko nje," Sista alisema.

"Basi yamekwisha," alijibu, akafumba jicho lake tena.

Siku zilizofuata hapakuwa na utulivu wodini, lakini ulikuwa msukosuko wa aina nyingine. Sista alihamisha vitanda. Kile cha karibu na mlango kiliondolewa, na mahali pake pakawekwa benchi la wageni. Kiroboto, ambaye Sista alimwombea nafasi nyingine ya karibu ili asirudishwe nyumbani, alipelekwa upande wa dirisha, ambako aliuona uwanja wa kufulia: mashuka yakipeperuka kwenye kamba, wafuaji wakitaniana, na paka mweupe aliyelala juu ya kikapu cha nguo safi hadi alipofukuzwa, kisha akarudi. Pazia la zamani lilitolewa stoo likatundikwa ili ukumbi usionekane. Fundi wa umeme alibadilisha ile taa. Televisheni ilipunguzwa sauti. Mzee mmoja, mgeni wa mgonjwa, aliiongeza, ikapunguzwa tena, akaiongeza tena, mpaka Bibi alipokwenda kukaa karibu yake na kumweleza mambo yake yote tangu utotoni. Mzee akaona heri azime.

Baba alikuja na mfuko wake wa vifaa. Alipachika vipande vya mpira wa tairi mahali mlango ulipojipigia, kisha akaigeuza machela kichwa chini na kulitia mafuta lile gurudumu.

"Hizi kelele mimi nazisikia karakana kila siku," alimwambia Sista. "Ndiyo maana nilipokuja hapa sikuzisikia."

Tarehe mpya ilipokaribia, Kiroboto alikuwa bado anaogopa. Usingizi wake ulikuwa wa vipande. Lakini safari hii, jioni ya kuamkia upasuaji, Sista alikaa kitandani pake.

"Leo hofu yako iko wapi?" aliuliza.

"Kwenye sindano," Kiroboto alisema baada ya kufikiri. "Na kwamba nitaamka wakati bado wanakata."

"Sindano itauma kidogo, sikufichi. La pili nitamwita mwenye kazi hiyo akujibu."

Daktari wa usingizi akaja, na kofia yake ya maua, akamweleza kwamba hataondoka kichwani pake hata nukta moja, na kwamba kazi yake yote ni kuhakikisha halitokei jambo hilo. Asubuhi, swali lile lilipoulizwa, Bibi alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Sijala," Kiroboto alisema, na mara hii lilikuwa neno jepesi.

Alipozinduka kinywa kilikuwa kikavu na mkono ulikuwa mzito ndani ya bandeji. Maumivu yalikuja, tena makali. Alilia, akapewa dawa, akanyamaza, akalia tena. Hakuna aliyemwambia asilie. Katikati ya maumivu, akiwa amerudishwa kwenye kitanda chake cha dirishani, alitazama mashuka yakipeperuka nje na kumtafuta paka, na mara nyingine, akiwa bado anamtafuta, usingizi ulimchukua. Mama Cherehani, aliyekuwa karibu kuruhusiwa, alisema usingizi anaolala sasa wodini hajawahi kuulala hata nyumbani kwake, maana nyumbani ana mume anayekoroma.

Daktari mpasuaji alipofungua bandeji kuangalia kidonda, alinung'unika "Vizuri" bila kumtazama usoni. Kisha akasita. "Siku ile ulisema kweli mlangoni," aliongeza. "Ulichelewa, lakini ulisema." Akaenda zake.

Wiki kadhaa baadaye Kiroboto alirudi kliniki na baba yake na Bibi. Mtaalamu wa mazoezi alimwambia ageuze kiganja. Kiliuma, kilitetemeka, lakini kiligeuka juu, hata kikabeba kikombe alichowekewa. Bibi akapiga kigelegele mpaka watu wa foleni wakageuka.

Kabla ya kuondoka walipita wodini kumsalimu Sista. Alikuwa akimpokea mtoto mwingine, naye akawaambia wasubiri. Walimwona akimwonyesha mtoto yule kile chumba cha pembeni, akimweleza, akiinama kumsikiliza. Alipomaliza akaja kuwapa mikono.

"Nataka niwaambie jambo," Bibi alianza, na kwa mara ya kwanza alizungumza kwa kusita. "Mimi siku ile niliapa jambo nisilolijua. Nilikuwa nakoroma. Na hofu ya mtoto niliiona machoni mwake, nikaifunika kwa maneno. Mficha maradhi, kifo humuumbua, nami nilikuwa namfundisha kuficha."

"Sote tuliifunika, Mama," Sista alisema. "Sisi tulidhani ugonjwa ni mkono tu. Lakini mwili wenye hofu hautulii: moyo unakwenda mbio, usingizi unakimbia, maumivu yanazidi, na kidonda nacho kinapata taabu kupona. Kitanda kinapowekwa, mlango unavyofungwa, neno analoambiwa mgonjwa, hayo nayo ni sehemu ya matibabu."

Akamgeukia Kiroboto, akamshika bega la upande mzima.

"Na wewe, mwanangu, nisikilize. Kuogopa si kosa. Hata daktari anaogopa siku akilala yeye kitandani. Kosa lilikuwa kuificha hofu yako nyuma ya uongo, mahali ambapo sisi wenye kukusaidia tusingeweza kuifikia. Uongo ule ungeweza kukuua, na ukweli uliousema kwa midomo inayotetemeka ndio uliokuokoa. Ukiogopa tena, popote pale, mtafute mtu mzima unayemwamini umwambie mapema. Akikwambia nyamaza, mtafute mwingine."